Gari Lililowashwa Mara ya Pili

Kijana akija kwangu na nyama choma ya Kenyatta Market kabla sijaona video yake, mimi hujua papo hapo kwamba hiyo video ina shida. Mwenye video nzuri huja mikono mitupu, tena mbio mbio, simu ameshaifungua. Kwa hiyo Wekesa alipobisha lango langu hapa Mountain View Jumamosi moja mchana, amebeba mbavu za mbuzi zilizofungwa kwa karatasi na kachumbari pembeni, nilimkaribisha vizuri, nikaenda kuleta sahani, nikamwambia, "Leta hiyo simu kwanza. Nyama tutakula tukishamaliza kukosana."

Habari za Wekesa nitawapa, lakini ngojeni kwanza mjue anayeongea. Mimi ni Mama Njeri. Mpaka nilipostaafu, kazi yangu ilikuwa kuhariri video katikati ya jiji la Nairobi, ndani ya chumba kisicho na dirisha, chini ya jengo moja karibu na bustani ya Jivanjee. Nimekata matangazo ya sabuni, nimekata filamu za kufundisha wakulima kukamua ng'ombe, nimekata harusi mpaka leo nikiona keki ya ngazi kichwa kinaniuma. Nilianza na mashine za kanda, zile ambazo ukikosea katikati unarudia kazi yote iliyofuata, nikamalizia na kompyuta. Nyinyi vijana mnafanya yote hayo kwa kidole gumba mkiwa mmelala kitandani, na siwaonei wivu hata kidogo. Kanda ziliniachia maumivu ya mgongo ambayo simtakii mtu.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hiyo simu haikuwaletea, na ndicho kinachonifanya niandike. Hamjui kumwambia mwenzenu ukweli kuhusu kazi yake, na mkiambiwa nyinyi, mnafura kama maandazi. Nasema hivyo kwa upendo. Siku hizi kila kijana mwenye gari, au mwenye rafiki aliye na gari, anatengeneza video ya gari. Huyu analizunguka akiimba, yule anasimama mbele ya boneti amekunja mikono kama anayelinda benki. Wananiletea mimi kwa sababu mmoja alimwambia mwenzake kwamba kuna mathe, yaani mama, huko Mountain View hana huruma. Huruma ninayo, tena tele, lakini naitoa baada ya maoni.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Mutiso, mkubwa wetu pale chumbani, mtu mfupi, mpole wa sauti, aliyevaa sweta hata Januari. Ukimaliza kukata filamu, aliitazama yote bila kusema neno, na wewe uliketi kando umefunga mdomo. Ukijaribu kueleza, "Hapo nilikuwa nataka kuonyesha…", alisimamisha mashine, akakutazama juu ya miwani, akauliza, "Kwa hiyo utatembea nyumba kwa nyumba ukiwaeleza?" Halafu aliirudisha filamu mwanzo, akachukua taulo la vyombo kutoka kwenye trei ya chai, akafunika skrini, mkaisikiliza filamu nzima kama redio.

Mara ya kwanza nilidhani mzee ameshikwa na wazimu. Nilikuwa nimekata filamu ya ng'ombe wa maziwa, picha safi kabisa, mama anakamua, ndama anarukaruka nyuma. Skrini ilipofunikwa ndipo tukasikia, chini ya sauti ya mtaalamu, mpiga picha wetu akimnong'onezea mtu, "Huyu ng'ombe amekonda sana, hebu leta yule wa jirani." Nilikuwa nimeitazama hiyo filamu wiki nzima, na sikuwa nimesikia. Bwana Mutiso hakucheka wala hakunigombeza. Aliniambia niyatoe hayo maneno, nikayatoa, na tangu siku hiyo hakuna kazi iliyotoka mikononi mwangu bila kupitia chini ya taulo.

Somo lingine sikulipata kwa Bwana Mutiso, nililipata kwa shangazi za watu. Tulikuwa tumerekodi ruracio huko Limuru, yaani sherehe ya kupeleka mahari, na kulikuwa na mstari mrefu sana wa akina mama wakiingia na zawadi, wanaimba, wanasimama, wanaimba tena. Nikaona mstari huu utawalaza watu usingizi. Nikaukata, nikabakisha kionjo. Wiki iliyofuata shangazi wa bibi harusi walikuja ofisini, wamevaa vizuri. Wakasema wamekuja kunisalimia tu. Wakanywa chai, wakauliza mama yangu anaendeleaje na miguu, wakasema video ni nzuri mno, wakaniombea. Nikawasindikiza ngazi zote mpaka barabarani. Ni pale tulipokuwa tukiagana, mmoja ameushika mkono wangu hauachilii, ndipo aliposema kwa upole, "Na hivi mama, zile blanketi tulibeba, ziliendaga wapi?"

Safari yote ile kutoka Limuru ilikuwa ni ya blanketi! Lakini hawangeweza kunifungulia mdomo wakiwa wameketi kwenye kiti changu na kikombe changu mkononi. Sisi watu wa hapa ndivyo tulivyo, awe ni Mkikuyu, mtu wa Machakos au wa Busia. Ndani ya nyumba mgeni atasifu kila kitu, hata pazia. Neno lenyewe husemwa ukimsindikiza, akiwa ameshafika langoni. Nilizirudisha blanketi zote kwenye video, na kuanzia hapo nikawa nasindikiza kila mteja mpaka nje, hata mvua ikinyesha. Wenzangu walidhani nina adabu nyingi. Nilikuwa nawinda maoni.

Sasa nyinyi mnatuma video kwenye grupu. Grupu haina lango la kumsindikizia mtu. Mtu anatazama akiwa kwenye foleni ya benki, anabonyeza alama ya moto, anaendelea na maisha yake, na wewe unalala ukiamini umefika.

Turudi kwa Wekesa. Ni fundi wa magari katika gereji moja nyuma ya Kenyatta Market, na ndiye anayekitunza kigari changu miaka hii yote. Kwao ni Kimilili. Alikuwa na wazo ambalo mimi nililipenda tangu aliponiambia: watu wengi wa kwao wanataka kununua gari Nairobi lakini hawana wa kuwaangalizia, basi yeye atakwenda mahali gari lilipo, alikague, alipige video, amtumie mnunuzi, naye aamue akiwa nyumbani kwake. Mteja wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Simiyu, aliyemfundisha darasa la sita. Mwalimu alikuwa anastaafu, na alitaka gari la kumpeleka mkewe kliniki Eldoret, maana mama yule kupanda na kushuka magari ya watu kulikuwa kumemshinda.

Mnaelewa uzito wake. Mwalimu Simiyu ndiye anayesimamia harambee kule kwao, ndiye anayeombwa kusoma wasifu wa marehemu. Akimsifu Wekesa, kijiji kizima kitampa kazi. Akisema kijana huyu ni mjanja mjanja, basi Wekesa afunge hiyo biashara na arudi chini ya magari ya watu mpaka azeeke. Na gari lenyewe lilikuwa la Bwana Kamau, anayeishi karibu na Adams Arcade, mteja wa siku nyingi wa ile gereji. Wekesa alikuwa amemwahidi Mwalimu kwamba video itamfikia Jumamosi hiyo hiyo kabla ya jioni.

"Nimeweka kwa grupu ya gereji na ya ploti yetu, pale naishi," akaniambia akiketi. "Wote wamesema nimeweza. Nataka tu uone, Mama Njeri, halafu nitume."

"Unataka nione ama unataka nisifu?"

Akacheka. "Ona tu."

Nikaitazama mara ya kwanza kimya, yeye kando yangu. Gari lilikuwa limeoshwa mpaka magurudumu yanang'aa. Wekesa amevaa shati jeupe la kanisani, amenyoa, na chini ya maneno yake kuna wimbo wa sifa unaopigwa polepole. Akalizunguka gari, akafungua milango, akaonyesha viti na chini ya gari. Halafu akaketi kwenye usukani, akaelekeza simu kwenye dashibodi, akasema kwa sauti ya mtangazaji, "Sasa Mwalimu, gari iko baridi kabisa, hii ndio mara ya kwanza inawashwa leo. Sikiza." Akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma vizuri, haina neno.

Nikairudisha. Pale kwenye dashibodi nikasimamisha.

"Huu mshale ni wa nini?"

"Wa joto ya injini."

"Umesema gari ni baridi. Mbona mshale uko katikati?"

Mimi si fundi. Lakini kigari changu nakiwasha kila Jumapili asubuhi, na mshale wake huwa umelala chini kabisa mpaka nikaribie Kangemi. Halafu nimekaa miaka na miaka nikitafuta vitu vya namna hiyo: kikombe kilichojaa ambacho picha inayofuata ni kitupu, saa ya ukutani inayorudi nyuma, bwana harusi aliyebadilisha tai. Mtazamaji hajui kukwambia kilichomsumbua, lakini kinamsumbua.

Wekesa aliikuza ile picha kwa vidole. Kisha uso ukakunjamana.

"Mama Njeri, unaniita mwongo?"

"Sijakuita kitu. Nimeuliza mshale."

"Watu wote wameona hiyo video, na ni mafundi, na hakuna mtu amesema mambo ya mshale. Ni wewe tu."

"Mwalimu Simiyu hatauona?"

Baadaye aliniambia kwamba Mwalimu huyo alikuwa anaona mtoto anayetafuna chingamu hata yeye mwenyewe akiwa amegeukia ubao. Lakini wakati ule hasira zilikuwa zimempanda. Akasimama, akatia simu mfukoni, akasema ana kazi gereji. Nyama akaiacha mezani, haijafunguliwa, na Mluhya kuacha nyama namna hiyo si jambo dogo. Niliumia. Yule kijana nampenda kama wangu, na sikuwa nataka aondoke hivyo.

Nikavaa ndara zangu, nikamsindikiza.

Tulipofika langoni akashika komeo, asifungue. Nikajua linakuja, na nikafunga mdomo wangu jinsi Bwana Mutiso alivyonifundisha.

"Mimi nitakwambia kitu, na usikasirike," akasema. "Wewe ukitoa maoni, ni kama mtu anakata nyama pamoja na mfupa. Pah! Mshale! Hata hujasema kama kuna mahali nimejaribu. Mimi nimeamka saa kumi na moja juu ya hiyo video."

Nawaambia ukweli, ulimi uliniwasha. Nilikuwa na majibu mazuri, nimeyapanga kabisa. Nilitaka kumwambia kwamba mimi sikulelewa kwa sifa, na nimefika hapa. Lakini hayo ndiyo maelezo ya nyumba kwa nyumba. Alikuwa ameniambia alichokiona, na alichokiona kilikuwa kweli. Kama nawataka nyinyi mkae kimya mkiambiwa, sharti na mimi nikae.

"Hapo umenipata," nikamwambia. "Basi ngoja niseme nilichopaswa kusema kwanza. Mkono wako umetulia. Ulipoonyesha chini ya gari, ulieleza hadi mimi nikaelewa, na mimi sijui chochote cha chini ya gari. Hukumharakisha mtazamaji. Watu walio na kamera kubwa hawajui kufanya hivyo."

Akatazama chini, akisugua komeo kwa kidole. Halafu ndipo lile neno lenyewe likatoka.

"Kuna ingine," akasema. "Ile ya kwanza. Si nimekwambia niliamka mapema? Nilifika kwa Kamau kabla hajatoka, nikaiwasha ikiwa baridi kama maji ya tangi. Lakini ilitoka vibaya. Mama mboga akaanza kuita watu, mimi nikapiga chafya, shati ilikuwa na grisi, gari iko na matope ya juzi. Nikaona, sasa huyu ni Mwalimu, nitamtumia kitu kama hiyo? Nikaenda nikaoga. Nikapeleka gari ikaoshwa, nikairudisha, nikarudia yote. Hayo maneno ya baridi nilikuwa nimeshayashika kichwani, yakatoka tu."

Nilitamani kucheka, nilitamani pia kumkumbatia. Kwetu hakuna anayempa mgeni chai kwa kikombe ambacho hakijaoshwa. Kijana alikuwa amefanya adabu yake yote, na hiyo adabu ndiyo iliyokuwa inakwenda kumfanya aonekane mwongo mbele ya mtu aliyemheshimu kuliko wote.

"Umeifuta?"

"Iko kwa simu."

"Rudi ndani."

Tukaketi tena. Ile video ya kwanza ilikuwa mbaya kweli, sitawadanganya. Picha imeinama, jua linapiga kioo, gari limechafuka mpaka kwenye milango, na Wekesa mwenyewe anaonekana kama aliyetoka kulala chini yake. Lakini mshale wa joto ulikuwa chini kabisa. Nikamwambia kwamba hii ndiyo ya kutuma. Akaguna. Nikamwambia sawa, tuitazame mara moja tena, nikaenda jikoni nikaleta taulo la vyombo.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya kufunika."

"Mathe, hiyo ni simu. Si kuku."

Nikaifunika. Tukainama juu ya meza, watu wazima wawili, tukisikiliza taulo. Mama mboga akasikika akiita, "Sukuma freshi! Spinachi!" Wekesa akaanza kusema maneno yake. Ikaja chafya, ile ya kanisa zima kugeuka. Halafu ufunguo, injini ikashika, na hapo, kabla haijatulia, kukawa na kitu kingine. Karakarakara. Kifupi tu. Kisha injini ikanguruma vizuri kama ile ya video ya shati jeupe.

Mimi nilidhani ni mtu anaburuta mabati. Wekesa alinyoosha mkono, akarudisha, akasikiliza tena. Karakarakara. Akaliondoa taulo taratibu, akaegemea kiti.

"Hiyo ni cheni," akasema.

Akanieleza. Ndani ya injini kuna cheni inayoendesha vitu vyote viende pamoja. Ikilegea, inapiga kelele asubuhi tu, sekunde chache, mpaka oili ipande, kisha inanyamaza kutwa nzima. Ukiiwasha injini ikiwa na joto, husikii kitu. Inaweza kukaa hivyo muda mrefu, na siku moja ikiruka, injini imekwisha. Na siku hiyo Mwalimu Simiyu atakuwa barabarani katikati ya Kimilili na Eldoret na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma.

"Na mimi nilikuwa hapo ndani ya gari," akasema. "Nilikuwa nimekaa juu yake. Sikusikia. Nilikuwa nafikiria maneno yangu."

Sikumwambia "si nilikwambia," kwa sababu sikuwa nimemwambia. Mimi niliona mshale tu, na ningeisikiliza hiyo kelele mpaka kesho bila kujua ni ya nini. Ni yeye aliyeijua.

Kisha akafika kwenye jambo gumu, na akalisema wazi, kwa hilo namheshimu. "Nikituma ile safi, hakuna mtu atajua. Hata Kamau mwenyewe hajui, yeye huwasha na redio juu. Mwalimu ameshaambia watu gari inakuja. Na Kamau akikasirika, akahamisha magari yake kwa gereji ingine, bosi atauliza ni nani alianzisha."

Wanangu, hapa nataka mnisikilize. Maoni yana mpaka. Ningeweza kumpa hotuba, na nina hotuba nyingi. Lakini video haikuwa yangu, jina halikuwa langu, na yeye ndiye ambaye angeonana na Bwana Kamau uso kwa uso. Nilikuwa nimemwonyesha nilichoona. Kilichobaki kilikuwa chake. Nikachukua ile nyama, nikasema naenda kuipasha, nikamwacha sebuleni. Nilisimama pale kwenye jiko nikigeuza mbavu ambazo zilikuwa zimeshapata moto, na niliogopa. Niliogopa kwamba nikirudi nitamkuta ameshatuma lile shati jeupe, na kwamba nitalazimika kumtazama kwa jicho lingine kila nikimpelekea gari.

Nilisikia sauti yake. Hakuwa anaongea na Mwalimu. Alikuwa amempigia Bwana Kamau.

"Hapana, mzee, siharibu soko. Nakuelezea kitu nimesikia kwa injini yako… Ndio, asubuhi tu… Hapana, huwezi sikia na redio." Kisha, hata kutoka jikoni, nilisikia Bwana Kamau akifoka ndani ya ile simu. Wekesa alingoja mpaka akaisha. "Sawa mzee. Jaribu kesho, zima redio, fungua dirisha. Ukikosa kuisikia, niite mwongo mbele ya bosi."

Nilipoingia na sahani, alikuwa ameshafungua ile video chafu. Akaniuliza swali la kazi tu, swali la fundi kwa fundi. "Hii chafya nikate?"

"Usiikate."

"Lakini inaaibisha."

"Chafya iko karibu sana na ile kelele. Ukikata hapo, atakayetazama atauona mkato, na atajiuliza umeficha nini. Kata mwanzo kabla hujaingia kwenye gari, kata mwisho ukishazima. Hapo katikati usiguse hata kidogo. Na ule wimbo usiuweke."

"Wimbo wa Mungu?"

"Mungu ataelewa. Anayetaka kusikia injini ni Mwalimu."

Hayo yashikeni, ni ya bure. Mahali palipo na ushahidi, mkasi ukae mbali. Muziki uweke kwenye mandhari na milango, usiuweke juu ya kitu ambacho mtu anataka kukisikia. Na ukimpa mtu habari mbaya, mpe kwa mdomo wako mwenyewe, usimwachie aitafute. Wekesa aliongeza maneno machache mwishoni, palepale kwenye kochi langu, akiwa amevaa shati la gereji: "Mwalimu, hiyo sauti umesikia hapo mwanzo ni ya cheni. Gari ni nzuri kwa macho, lakini kwa safari ya mama, mimi sikushauri uichukue." Akatuma. Halafu tukala ile nyama, na alikula kama mtu aliyetoka shamba.

Jibu halikuja jioni hiyo. Alama ya kusoma ikatokea, lakini jibu hakuna. Wekesa alinipigia mara mbili kuniuliza kama nadhani Mwalimu amekasirika. Nikamwambia sijui, na kwa kweli sikujua. Alikuwa ameshamkosea Bwana Kamau, na sasa alidhani amempoteza na huyu.

Jumapili, watu wametoka kanisani, akaja mwenyewe. Safari hii hakuwa amebeba kitu. Simu alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili.

"Ametuma sauti," akasema. "Sijaisikiliza. Nimeogopa kuisikiliza peke yangu."

Akaiweka mezani, akabonyeza. Ilikuwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma, na kuku walikuwa wanalia pembeni.

"Wekesa. Nimetazama kazi yako, na nimeirudia. Ina makosa. Picha imeinama. Jua umeliacha likapiga kwenye kioo, sura yako siioni. Shati ni chafu, na chafya hufunikwa na kiwiko, hilo nilikufundisha. Hilo gari silitaki." Akakohoa. Tukasikia mlango ukifunguliwa, na sauti ya mwanamke ikiuliza kitu kwa mbali. "Sasa sikiza. Nimeambiwa kuna lingine huko Dagoretti Corner, la daktari fulani. Wanaoliuza wakanipigia, wakitaka mtu wao ndiye alikague. Nimewakatalia. Nimewaambia sisi tuna wetu. Kesho uende."

Wekesa aliirudia ile sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, halafu akanitazama, macho yamemjaa maji na meno yote yako nje.

"Mama Njeri, hapo amenisifu ama amenigombeza?"

"Nenda nyumbani ulale," nikamwambia. "Ufike Dagoretti Corner kabla daktari hajawasha gari lake."